Baiskeli ya Baba na Tuta la Mto Nyando

Ujumbe wa leo ni mrefu kuliko kawaida. Weka chai, keti, na usome mpaka mwisho, kwa maana sehemu iliyo ngumu kwangu iko mwishoni.

Somo: Matendo ya Mitume 16:13. Fungua Biblia yako usome mwenyewe.

Wiki iliyopita picha yangu ilizunguka katika kundi la WhatsApp la kanisa. Niko juu ya baiskeli, kofia ngumu kichwani, suruali imejaa tope mpaka magotini, na nyuma yangu ni mashamba ya mpunga ya Ahero. Aliyeipiga simjui na simtafuti. Lakini maneno yaliyofuata niliyasoma yote. Mmoja aliuliza, "Mchungaji ameuza gari?" Mwingine akaweka vicheko vitano. Mzee mmoja wa kanisa alinipigia simu usiku kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari za msiba: "Mchungaji, kama kuna shida nyumbani, tuambie." Na kesho yake asubuhi, ile kamati inayochangisha pesa za kuninunulia gari jipya ikatangaza kikao cha dharura.

Wapendwa, hakuna shida nyumbani. Probox ipo, inawaka. Mama Mchungaji yuko salama na anawasalimu. Lakini swali lenu limenigusa mahali nilipokuwa nimefunika kwa miaka 21, kwa hiyo leo nitalijibu lote.

Nianze na baiskeli yenyewe. Mwaka jana tulikuwa na siku ya afya pale kanisani, mnakumbuka. Wauguzi walipanga meza chini ya hema, na mimi nikasukumwa kuwa wa kwanza kupimwa ili niwe mfano kwa kundi. Muuguzi akafunga kile kitambaa mkononi, akasoma, akanyamaza, akafunga tena. 170 juu ya 105. Akaniambia taratibu, "Mchungaji, wewe ndiwe tunapaswa kukuombea." Mnacheka, lakini mimi sikulala usiku ule. Nina miaka 45. Mazishi Ijumaa, mazishi Jumamosi, kesha, kikao, na kila nyumba ninayoingia naletewa kuku, na kukataa kuku wa watu ni kuwavunjia heshima. Daktari alinipa dawa, ninazimeza mpaka leo, na akasema: tembea, au tafuta baiskeli.

Nilienda Kibuye siku ya katikati ya juma na kununua baiskeli ya mtumba yenye matairi mapana, ya kukanyaga changarawe. Shilingi 14,000 baada ya kuvutana bei. Fundi alipokuwa akikaza breki akaniuliza, "Ni ya kijana wako?"

Nikajibu, "Ndiyo."

Soma tena hapo. Mchungaji wako, aliyesomea Neno chuoni, anayewafundisha kila Jumapili kuhusu kweli, alimdanganya fundi wa baiskeli kwa sababu aliona haya kusema kwamba baiskeli ni yake. Huo uongo mdogo una baba yake, na tutamfikia.

Sasa nikatafuta mahali pa kuendesha. Mnaijua barabara ya kutoka Kisumu kupitia Nyamasaria na Rabuor mpaka Ahero. Malori ya Kericho na Kisii, matatu zinazopita mbili mbili, pikipiki katikati. Huko mwenye baiskeli akitoka salama anatoa sadaka ya shukrani. Kwa hiyo kila Jumatatu, siku yangu ya kupumzika, nilianza kuikunja Probox viti vya nyuma, naingiza baiskeli, naendesha mpaka Ahero, naegesha kwa ndugu mmoja katika Bwana, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko juu ya pedali. Nilichagua njia zisizo na magari kwa sababu mbili. Ya kwanza ni usalama. Ya pili, na hii sikumwambia hata mke wangu, ni kujificha.

Acha nikuonyeshe mahali penyewe, maana wengi wetu tunapita Ahero dirishani tukinunua nyanya na mchele, na hatujawahi kukunja kona.

Ukitoka barabara kuu unaingia katika mradi wa umwagiliaji wa Ahero, uliojengwa miaka ya 1960. Kuna mifereji iliyonyooka, na kando ya kila mfereji kuna njia ya udongo na changarawe iliyoachwa kwa ajili ya kuukagua. Gari halina kazi huko. Utakutana na mama mwenye beseni, mtoto na mbuzi wake, pikipiki moja iliyobeba magunia, basi. Upande huu mpunga ni mchanga, kijani kibichi kabisa; hatua mia mbele umeiva na wavulana wamesimama wakipiga makelele na kurusha matope kufukuza kweleakwelea, ndege wadogo wanaoweza kumaliza shamba la mjane kwa siku chache. Yangeyange weupe wanatembea polepole nyuma ya watu wanaopandikiza, kama wasimamizi wa kazi. Kaskazini unaona milima ya Nandi, kusini miinuko ya Nyakach, na wewe uko katikati ya uwanda wa Kano ulio bapa kama meza.

Jambo moja lilinifundisha. Mto Nyando uko pale pale, lakini maji hayaingii mashambani yenyewe. Yanapandishwa kwa pampu. Pampu zikizimwa, mpunga unanyauka huku mto unapita karibu. Niliposimama pale mara ya kwanza nilijiona mimi. Mhubiri anaweza kuishi kando ya Neno miaka 20, analisikia likipita, na shamba lake mwenyewe ni kavu.

Ukiacha mifereji unapanda tuta la mto. Hilo ni ukuta wa udongo uliorundikwa kandokando ya Nyando ili mafuriko yasiingie vijijini. Juu yake pana njia, pengine pana kiasi cha watu watatu kutembea sambamba, pengine baiskeli moja tu. Kushoto mto wa rangi ya kahawa ya maziwa, kulia nyumba za mabati, mahindi, migomba. Unashuka nao kuelekea ziwani, Nam Lolwe kama wazee wetu walivyoliita kabla ya kuitwa Victoria, mpaka mafunjo yaanze. Hapo mimi hugeuka. Asubuhi na jioni viboko huwa karibu na maji, na imani si kumjaribu Mungu.

Tuta hilo usilidharau. Watu wa Kano wanajua maana yake. Mvua ikinyesha juu Nandi na Kericho, Nyando huja usiku wakati hapa chini mbingu ni safi. Mwaka 2020 ziwa lenyewe lilipanda kuliko lilivyowahi kupimwa hadi wakati huo, na mwaka 2024 mvua za masika zilirudi kwa nguvu, watu wakalala madarasani na makanisani. Baadhi yenu mlikuwa kati yao. Tulileta blanketi na unga, mnakumbuka. Kwa hiyo ninapoendesha juu ya tuta najua kwamba njia yangu ya mazoezi ni ukuta wa mtu mwingine, na ninashuka kwenye baiskeli ninapopishana na wenyeji. Njia ni yao kwanza.

Vijana wataniambia, "Mchungaji, huo mchezo una jina siku hizi." Najua. Duniani watu wanatafuta njia za changarawe zisizo na magari, kando ya mito, kati ya vijiji vya kale, na wanasafiri mbali kuzifuata. Hapa kwetu Kenya kuna mashindano ya aina hiyo huko Maasai Mara tangu 2021. Na tulikuwa na Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, timu iliyoundwa kuwafungulia waendesha baiskeli wa Afrika Mashariki mlango wa mashindano ya dunia. Alifariki tarehe 27 Agosti 2022 akiwa katika mashindano ya changarawe huko Vermont, Marekani, akiwa na miaka 33. Siku ile sikumjua hata kidogo. Nilipoanza kuendesha ndipo nilisoma habari zake, na nilijiuliza: Mkenya huyu alisimama mbele ya dunia nzima na baiskeli yake bila haya, na mimi naficha yangu chini ya shuka ndani ya Probox!

Basi nisikie sasa. Tunakaribia.

Watoto wa Kano wanalelewa na hadithi ya Luanda Magere. Shujaa ambaye mkuki haukumpata kwa sababu mwili wake ulikuwa jiwe. Adui zake wakamwoza binti yao, na siku alipougua akamwambia mke amchanje dawa, si mwilini bali kwenye kivuli chake. Damu ikatoka kivulini. Mke akapeleka habari kwao, na vita vilipokuja walichoma kivuli, shujaa akaanguka. Mimi si mhubiri wa hadithi za jadi, nahubiri Kristo. Lakini Samsoni yuko kwenye Biblia yako, na nadhani wazee wetu walielewa kitu: mtu anaweza kuwa jiwe mbele ya watu wote na awe na mahali pamoja ambapo ukigusa tu, damu inatoka. Mimi nilikuwa na kivuli. Kivuli changu kilikuwa na magurudumu mawili.

Jumatatu moja juu ya tuta nilimkuta mzee anasukuma Black Mamba, gunia la mpunga kwenye keria, tairi la nyuma limelala. Mashine ya kukoboa ilikuwa bado mbali. Nikasimama, nikamsalimu, nikamwambia, "Mzee, tulaze hiyo baiskeli." Nilikuwa na kifurushi changu cha pancha. Nikafungua tairi kwa mpini wa kijiko, nikatoa tyubu, nikaijaza upepo na kuizamisha kwenye ndoo ya mama aliyekuwa anachota maji. Povu likatokea. Nikakausha, nikasugua kwa msasa, nikapaka gundi, nikaketi.

Mzee akasema, "Mbona huweki kiraka?"

Nikajibu, "Gundi haijakauka. Ukiweka ikiwa mbichi, kitabanduka njiani."

Akaniangalia mikono. Aliniona kofia, viatu, saa. Akauliza kwa Kijaluo, kwa upole tu: "Nani alikufundisha?"

Wapendwa, nilifungua mdomo na sauti haikutoka.

Aliyenifundisha ni baba yangu. Kiwanda alichofanya kazi kilipofungwa miaka ya 1990, alinunua Black Mamba kuukuu na kuwa mtu wa boda boda pale Kondele. Vijana wa leo mnadhani boda boda ni pikipiki. Hapana. Ilianza kwa baiskeli, kule mpakani mwa Kenya na Uganda, Busia, watu wakivushwa pamoja na mizigo kati ya kituo kimoja na kingine, na hapa Kisumu mji mzima ulitembea juu ya baiskeli kabla pikipiki hazijafika. Mama yangu alishona mto mwekundu wa kiti cha abiria, una vishada pembeni. Kwenye madigadi ya nyuma baba aliandika kwa rangi nyeupe: NYASAYE BER. Mungu ni mwema. Kondele hadi Manyatta, Kondele hadi Mamboleo, juani, mvuani, shilingi 10 kwa shilingi 10. Jioni alinifundisha kuziba pancha ili apumzishe mgongo. Zile shilingi 10 ndizo zilizonilipia shule. Zile shilingi 10 ndizo zilizonipeleka Chuo cha Biblia.

Mwaka 2004 nilihitimu. Nilichaguliwa kusoma Zaburi mbele ya mkutano. Wenzangu walikuja na wazazi kwa magari, wengine na maaskofu wao. Nilikuwa nimesimama langoni na rafiki zangu wawili, nimevaa suti ya kukodi, nikaona baiskeli inakuja. Baba anakanyaga, shati limelowa mgongoni, mama amekaa nyuma kwenye mto mwekundu na gauni lake la Jumapili. Kilomita 20 na zaidi walikuja hivyo. Rafiki yangu akauliza, "Ni kina nani?"

Nikasema, "Yule ni mama yangu. Huyu ni mtu wa boda amemleta."

Baba alikuwa karibu. Alisikia.

Hakusema kitu. Alimshusha mama, akapanguza jasho, akaipeleka baiskeli chini ya mti, akasimama pale. Ibada yote alisimama pale. Nilisoma Zaburi ya 23, ile ya Mchungaji mwema na maji matulivu, na macho yangu yalimwona chini ya mti kila nilipoinua kichwa. Ilipokwisha alimpakia mama wakarudi. Hatukulizungumza neno hilo kamwe. Mwaka 2008 serikali ikaondoa kodi ya VAT kwenye pikipiki ndogo, na baiskeli zikaanza kukosa abiria. Baba alizeeka akiwa na wateja wawili watatu, wazee wenzake. Alifariki 2011. Wenzake walikuja mazishini na baiskeli zao. Na mimi niliyeandika historia ya marehemu, niliandika nini? "Mfanyabiashara katika sekta ya uchukuzi."

Hiyo ndiyo picha ambayo hamkuiona kwenye WhatsApp.

Juu ya tuta nilimjibu yule mzee. "Ni baba yangu. Alikuwa mtu wa boda boda ya baiskeli, Kondele." Miaka 21 nilikuwa sijaisema sentensi hiyo. Nikalia. Mzee hakushangaa. Alingoja, kisha akaonyesha tyubu: "Gundi imekauka sasa." Nikaweka kiraka. Akajaribu tairi kwa kidole gumba, akanishukuru, akaenda na mpunga wake. Hajui mimi ni mchungaji.

Jumamosi iliyofuata nilienda nyumbani kwa mama. Nilipiga magoti. Nikamwambia yote, ingawa alikuwapo. Akanisikiliza akichambua omena kwenye ungo, bila kuinua macho. Nilipomaliza akasema, "Baba yako njia nzima hakuongea. Tulipokaribia nyumbani akasema, 'Mtoto amesoma vizuri ile Zaburi.' Hilo tu. Yeye alikusamehe siku hiyo hiyo. Mimi ndiye nilichelewa."

Nikamwuliza, "Na sasa, mama?"

Akasema, "Sasa umekuja."

Wapendwa, naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu sitaki mtoke hapa mkisema tu kwamba mchungaji ana hadithi ya kusikitisha.

La kwanza. Tumejifunza kumpima Mungu kwa magurudumu. Mchungaji akiwa na gari kubwa, tunasema ana upako. Akiwa na baiskeli, tunaitisha kikao. Lakini habari njema zilifikaje katika vijiji hivi? Kwa miguu na kwa baiskeli. Wainjilisti wa kwanza wa babu zetu walikuja na Biblia imefungwa kwenye keria. Bwana wetu mwenyewe aliingia Yerusalemu juu ya mwanapunda wa kuazima, Luka 19. Sisemi gari ni dhambi. Nasema tusimwonee Mungu haya pale alipotubeba kwa kitu kidogo.

La pili. Soma tena Matendo 16:13. Paulo amefika Filipi, mji mkubwa, na siku ya Sabato anatoka nje ya lango, anaenda kando ya mto, anaketi na kuzungumza na wanawake waliokusanyika. Hakuna jukwaa hapo, wala spika. Na hapo ndipo Bwana alipoufungua moyo wa Lidia. Mimi nilienda kando ya mto kujificha, na Mungu akanifuata huko huko. Pengine na wewe unahitaji mahali pasipo na honi, ambapo mtu anaweza kukuuliza swali dogo na ukashindwa kulikwepa. Si lazima iwe baiskeli. Lakini toka nje ya lango.

La tatu, na hili ndilo zito. Tundu la tyubu halionekani kwa macho. Unaweza kuigeuzageuza siku nzima. Ni mpaka uizamishe majini ndipo povu liseme, "Ni hapa." Uamsho wa Afrika Mashariki uliotoka Rwanda ukafika huku Nyanza mwishoni mwa miaka ya 1930 uliwafundisha wazee wetu kutembea nuruni: mtu anasimama mbele ya ndugu na kutaja dhambi kwa jina lake. Sisi tumebaki na sauti kubwa na tumeacha hiyo nuru. Tunakemea roho za aibu na huku tunaandika kwenye historia ya marehemu kwamba muuza mkaa alikuwa "mdau wa nishati". Mimi leo najizamisha. Baba yangu hakuwa katika sekta ya uchukuzi. Baba yangu alikuwa mtu wa boda boda, alibeba watu wa Kisumu mgongoni mwake miaka zaidi ya kumi, na nilimkana langoni.

Sasa mambo ya nyumba ya Mungu. Kamati ya gari, nawapenda na nawaheshimu. Naomba msimamishe mchango. Pesa zilizokwisha kutolewa si zangu kuzigawa, kwa hiyo mweka hazina atampigia kila mmoja aliyetoa: ukitaka kurudishiwa, utarudishiwa, na hakuna atakayekuuliza kwa nini. Ukipenda zibaki, pendekezo langu ni ziwe karo kwa watoto wa familia zetu za Kano ambazo mafuriko yalichukua kila kitu. Tutapiga kura baada ya ibada, hesabu zikiwa wazi ukutani.

Na kama unataka kuja, Jumatatu hii saa kumi na mbili na nusu, tukutane Ahero. Baiskeli yoyote, hata ya kukodi, hata Black Mamba. Akina mama pia, msiachie vijana. Kama una presha au sukari, muulize daktari wako kwanza, na dawa usiache. Vaa kofia ngumu, beba maji ya kunywa na kifurushi cha pancha. Maji ya mfereji usiingie, kichocho kipo. Ikinyesha usiku tutaahirisha, kwa sababu udongo mweusi wa Kano ukilowa unashika magurudumu mpaka unaibeba baiskeli wewe badala ya yenyewe kukubeba. Na ukipishana na mtu juu ya tuta, shuka, salimia.

Presha yangu juzi ilikuwa 138 juu ya 86. Utukufu kwa Bwana.

Tuombe. Baba, tusamehe kwa kila mtu tuliyemkana langoni. Uwape pumziko wote waliochakaza magoti yao ili sisi tusome. Walio hai, utupe ujasiri wa kuwaendea kabla ya Jumapili. Uwalinde watu wa Kano, na tuta lao, mvua zikija. Katika jina la Yesu. Amina.

Usiandike tu Amina hapo chini. Andika kazi ambayo baba yako au mama yako aliifanya ili wewe ufike hapo ulipo. Iandike kwa jina lake, bila kuipamba. Mimi nimeshaanza.

Mchungaji wenu, mwana wa mtu wa boda boda wa Kondele.